Simu imejua Kiitaliano, na mdogo wangu anataka ada

*Swali la msomaji:* Assalamu alaykum, mwalimu. Mimi ni mkazi wa Malindi, umri wangu miaka 34. Kiitaliano sikukisomea, nilikiokota ufuoni tangu nina miaka 14, na leo ndicho kinachonilisha. Natembeza wageni, nawapeleka Mayungu na Marafa, nawatafsiria wakienda kwa wakili au hospitali. Msimu uliopita nimeona jambo. Mgeni anatoa simu, anaongea, simu inasema Kiswahili. Nahodha anajibu, simu inasema Kiitaliano. Mimi nimesimama pale kati kama mlingoti usio na tanga. Sasa mdogo wangu wa kike amemaliza kidato cha nne, anataka nimlipie kozi ya Kiitaliano, shilingi 45,000. Amu yetu anasema hizo ni pesa za kutupa baharini, afadhali asome kompyuta. Kazi yangu imebakiza miaka mingapi? Na huyu msichana nimlipie nini?

*Jibu:*

Waalaykumu salaam, ndugu yangu. Swali lako nimelisoma zaidi ya mara moja, kwa sababu ndani yake mna maswali mawili na majibu yake hayafanani. Kazi yako wewe itabaki, ingawa kwa sura nyingine. Anayenitia wasiwasi ni mdogo wako, na sababu yangu siyo ile ya amu yenu.

Nianze na hiyo simu. Tarehe 7 Januari 1954, mjini New York, kampuni ya IBM na Chuo Kikuu cha Georgetown walionyesha watu mashine iliyotafsiri sentensi zaidi ya 60 kutoka Kirusi kwenda Kiingereza. Ilijua maneno 250 na kanuni 6. Wakubwa wa mradi wakasema miaka 3, ikizidi 5, kazi hii itakuwa imekwisha. Mwaka 1966 kamati ya wataalamu huko huko Marekani ikatoa ripoti kwamba tafsiri ya mashine ni ya polepole, ina makosa, na gharama yake inapita ya binadamu. Fedha za utafiti zikakauka. Google ilifungua huduma yake ya tafsiri mwaka 2006, ikabadilisha injini yake yote kuanzia 2016, na mwaka 2017 watafiti wake wakachapisha muundo wa programu ya kujifunza lugha uitwao transfoma, ambao ndio uliozaa ChatGPT, programu ya akili bandia ya Novemba 2022, na hiyo sauti unayoisikia ufuoni. Ile miaka 3 iligeuka zaidi ya 60. Lakini imefika, na mtu akikuambia simu haiwezi kutafsiri, anakuambia habari za zamani.

Inavyofanya kazi ni hivi. Zamani mashine ilipewa kamusi na kanuni. Siku hizi inapewa maandishi mengi kupita kiasi, inageuza maneno kuwa namba, na inajifunza kukisia neno gani hufuata lipi. Kwa hiyo inajua zaidi kile kilichoandikwa zaidi. Kiitaliano kimeandikwa sana. Kiswahili kimeandikwa kiasi, na maandishi yaliyopangwa Kiswahili upande huu na Kiitaliano upande ule ni machache mno. Ndiyo maana mara nyingi sentensi yako hupitishwa kwanza kwenye Kiingereza, halafu ndipo iende Kiitaliano. Kila kivuko kinadondosha kitu. Amu na mjomba wote wanafika ng'ambo wakiwa "zio", na habari kwamba mmoja ni wa kuumeni na mwingine wa kukeni imebaki majini.

Kosa ambalo bila shaka umekutana nalo ni la saa. Nahodha wa Mayungu anaiambia simu: "Tuonane saa tatu, ni bamvua, fungu litatoka mapema." Simu inasema "alle tre", yaani saa tatu kwa hesabu ya Kizungu. Mgeni anakuja saa tisa za alasiri, amepaka mafuta ya jua, watoto wamebeba ndoo zao za kuchezea mchanga. Bahari imeshapanda. Lile fungu la mchanga alilotangaziwa, kwenye ufuo ambao Waitaliano wenyewe wameubatiza Sardegna Due, limezama tangu adhuhuri. Kwetu pwani hii, siku za bamvua, yaani za maji makubwa, bahari hupwa kiasi cha saa nne asubuhi, na nahodha alikuwa amelipigia hesabu hilo bila hata kulitamka.

Jingine nililiona Lamu, nyumbani kwetu. Nilikuwa naijaribu programu ya kusikiliza sauti, nikaiweka simu barazani karibu na nyanya yangu. Akamwita mjukuu aliyekuwa uani: "Ndoo, mwanangu, ndoo!" Wewe wa Malindi utaelewa mara moja: kwa Kiamu, ndoo ni njoo, kama vile njaa ni ndaa na njia ni ndia. Simu ikaandika *ndoo, mwanangu, ndoo*, bila kukosea hata herufi moja, kisha ikaitafsiri kuwa mtu anamwambia mwanawe kuhusu chombo cha kuchotea maji. Nyanya hakuwa na haja ya maji.

Sasa nisikilize vizuri hapa, kwa sababu ndipo wengi wanapojidanganya. Usijenge riziki yako juu ya makosa hayo. La saa litarekebishwa, pengine kabla hujamaliza kulipa ada unayoniuliza. Kiamu na Kimvita vitachukua muda zaidi kwa sababu vinaongewa kuliko vinavyoandikwa, lakini tayari kuna watu wanarekodi sauti za Kiswahili kwenye miradi ya wazi kama Common Voice ya Mozilla, na mlango huo haufungi. Anayesema "mimi ni bora kwa sababu mashine inakosea" amekalia tawi linaloliwa na mchwa.

Tuitafute basi ile sehemu ya kazi yako isiyotegemea makosa ya mashine. Nitakuonyesha kwa mahali unapopajua, ofisi ya wakili.

Mgeni anataka kiwanja na nyumba maeneo ya Casuarina. Muuzaji anaweka mkono kifuani anasema: "Nikishakuuzia ni yako, daima dumu, wewe na wanao." Simu inatafsiri: "è tua per sempre", ni yako milele. Hakuna neno lililokosewa. Mgeni anatabasamu, anaomba kalamu. Lakini Katiba ya Kenya ya 2010, Kifungu cha 65, inasema asiye raia anaweza kuwa na ardhi kwa kukodi tu, na kwa muda usiozidi miaka 99. Hati ikimpa zaidi ya hapo, sheria inaihesabu kuwa ni ya miaka 99. Kwa hiyo simu imetafsiri sahihi na mgeni amepotea. Na hata ikiboreshwa mara mia, itazidi kutafsiri sahihi yale yale maneno ya muuzaji.

Wewe uliyekaa katikati ungefanya nini? Kwa desturi ya ukalimani mzuri, ungetafsiri kwanza kama ilivyosemwa, bila kupunguza. Halafu ungewaambia wote wawili, kila mmoja kwa lugha yake: "Haya yanayofuata ni maneno yangu mimi, si ya muuzaji. Muulizeni wakili habari ya miaka 99 kabla hamjatia sahihi." Ukinyamaza na mambo yakaharibika, mgeni atarudi mjini akikutafuta kwa jina, na mama ntilie wa pale stendi atamwonyesha nyumba yako. Hilo la kutafutwa kwa jina ndilo unalouza. Simu haina nyumba ya kutafutwa.

Nenda pale kwenye nguzo ya Vasco da Gama ambayo umeshawapigisha wageni picha maelfu. Mreno yule alipotia nanga Malindi Aprili 1498, hakukosa mkalimani. Ndani ya merikebu alikuwamo mtu wake, Fernão Martins, aliyekijua Kiarabu, na kwa Kiarabu aliweza kuzungumza na mji wote wa biashara. Alichokuja kumuomba mfalme wa Malindi ni rubani, mtu anayeijua kusi inapoanza kuvuma na nyota za kufuata. Akapewa, na chini ya mwezi mmoja tangu kung'oa nanga walikuwa wamefika Calicut, kule Bara Hindi. Nimelileta hili kwa sababu kwenye barua yako umejieleza kama mkalimani, na nadhani umejipunguzia. Anayewapeleka watu Mayungu kwa hesabu ya bamvua, na kumsimamisha mgeni kabla ya sahihi, anafanya kazi ya rubani. Maneno yalikuwa ni sehemu yake tu, na ndiyo inayochukuliwa.

Hospitali ni hivyo hivyo. Swali la daktari kama mgonjwa ana dawa inayomdhuru haliwezi kuachwa kwenye kifaa ambacho hakuna atakayekihoji kesho. Mahakamani, Katiba hiyo hiyo, Kifungu cha 50, inampa mshtakiwa asiyeelewa lugha haki ya mkalimani bila malipo. Na kuna la siri: sauti inayosemwa kwenye simu, mara nyingi huenda kwenye kompyuta za kampuni iliyo mbali kabla ya kurudi ikiwa tafsiri. Habari za ugonjwa wa mtu Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inazihesabu miongoni mwa zile za kulindwa zaidi. Mwambie mgeni wako hivyo, kwa utulivu, na atakuelewa.

Umeniuliza ni miaka mingapi, nami sitakutajia namba. Mwaka 2016 Geoffrey Hinton, mmoja wa waasisi wa elimu hii na mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fizikia ya 2024, alisema watu waache kusomesha madaktari wa kusoma picha za eksirei, kwani ndani ya miaka 5, labda 10, mashine itawapita. Mashine kweli zimekuwa hodari wa kusoma picha. Madaktari hao bado wanatafutwa nchi nyingi, kwa sababu kutazama picha kulikuwa kipande kimoja cha siku yao. Ikiwa mtu kama yule alikosea hesabu ya kazi aliyoitazama kwa karibu hivyo, mimi nani nikupigie ramli?

Badala yake fanya hivi. Chukua daftari, na msimu ukifunguka andika kwa wiki 2 kila ulilolipwa, hata la shilingi 200. Mbele ya kila moja jiulize: hili likiharibika, nani atatafutwa? Uliyoyatafsiri kwenye menyu, bei za vinyago, kuuliza njia ya kwenda Gede, kumjibia mwenye nyumba ujumbe wa WhatsApp, hayo utaona hayatafuti mtu. Yahesabu kama yamekwenda, na usigombanie bei yake. Yale ambayo ni wewe utakayetafutwa, hayo yapandishie bei, na uyafanye kwa uzito wake. Ya wakili, omba karatasi siku moja kabla, uzisome usiku, uweke alama kwenye maneno usiyoyajua. Simu itumie hapo, ikusaidie kuandaa orodha ya maneno. Ni msaidizi mzuri wa usiku.

Sasa mdogo wako.

Wewe ulijifunza vipi? Umesema mwenyewe, uliokota. Ulibeba mizigo, uliuza madafu, ulimuonyesha mtu choo kilipo. Mgeni alicheka ulipokosea, akakurekebisha, na kesho ukasema vizuri. Hata hicho Kiitaliano cha mji mzima hakuna aliyekipanga darasani. Wengi Malindi huanza kukihesabu tangu Waitaliano walipoleta mnara wao wa kurushia roketi baharini pale Ngomeni, wakarusha setilaiti ya kwanza Aprili 1967, na ile iliyopewa jina la Uhuru tarehe 12 Desemba 1970, siku yetu ya Jamhuri. Wahandisi wakafuatwa na jamaa, jamaa wakafuatwa na hoteli, na mtoto aliyekuwa akiuza kamba akajikuta anajua "quanto costa", bei gani. Kazi ndogo ndogo zilikuwa ndiyo shule yenu, na mlilipwa mkisoma.

Ukitaka kuelewa kilichobadilika, nenda Matondoni, kule Lamu wanakounda majahazi. Mwanagenzi hapewi kuchonga mkuku, ule mti wa chini unaobeba chombo, siku ya kwanza. Anapewa kalafati: anakaa chini ya chombo na nyundo yake, anasokomeza pamba iliyotiwa mafuta kati ya mbao na mbao, siku nzima, mpaka vidole vinakufa ganzi. Kazi ya kuchosha, na fundi angependa sana kuikwepa. Lakini kwa mikono ile mtoto anajifunza ubao gani unakunywa maji, wapi taruma, yaani ubavu wa chombo, limepinda, kwa nini fundi amekataa gogo fulani. Siku ikija mashine ya kutia kalafati, mafundi waliopo leo watafurahi, chombo kitashuka majini haraka zaidi. Swali ni fundi wa miaka 20 ijayo atakuwa ametokea wapi.

Hilo ndilo linalomfika mdogo wako, na si Malindi peke yake. Agosti 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, akiwamo Erik Brynjolfsson, walipitia kumbukumbu za mishahara ya Marekani. Wakakuta kwamba katika kazi zinazoguswa zaidi na akili bandia, ajira za vijana wa miaka 22 hadi 25 zilikuwa zimepungua kwa takriban asilimia 13 zikilinganishwa na za vijana wa kazi nyingine, wakati wenye uzoefu kwenye kazi hizo hizo walikuwa wamesimama imara. Marekani si Malindi, najua. Lakini umbo ni lile uliloliona wewe ufuoni: mkubwa anabaki, mlango wa mdogo unazibwa.

Kwa hiyo ada ya 45,000 pekee haitamsaidia, iwe ya Kiitaliano au ya kompyuta. Na hapa amu yenu amepatia nusu tu. Kozi nyingi za kompyuta zinazotangazwa mijini kwetu ni zile za pakeji: kuchapa barua, kupanga jedwali, kutengeneza kadi ya harusi. Hizo ndizo kazi ambazo akili bandia imezifikia mapema zaidi. Hata kuandika programu, kazi tuliyodhani ni ngome, leo kipande chake cha chini kinafanywa na mashine. Akiambiwa pia kuna kazi za mtandaoni za kuifundisha akili bandia, mchungulie vizuri kabla hajaingia. Januari 2023 gazeti la Time liliandika habari za Wakenya waliosoma na kuchuja maandishi ya ukatili ili ChatGPT iwe safi, kwa malipo ya chini ya dola 2 kwa saa. Wengine walitoka na majeraha ya moyo. Sitaki binti wa watu aingie huko akidhani ndiko uhandisi.

Ninalokushauri ni umchukue wewe mwenyewe awe mwanagenzi wako. Shule uliyoipata bure ufuoni imefungwa, na wa kuifungua tena kwa ajili yake ni mtu aliye ndani. Kozi ya Kiitaliano mlipie, lakini muhula mmoja kwanza, ili apate sarufi ambayo wewe huna na ambayo itamfanya asome mkataba, jambo ambalo naamini linakutesa. Zitakazobaki kwenye zile 45,000 ziwe nauli na chakula chake siku anazotembea na wewe. Mpeleke kwa wakili akae kimya, aandike. Mpeleke Marafa asikie unavyokisimulia kisa cha Nyari, yale makorongo ya huko, habari za familia iliyooga maziwa ardhi ikawameza, na wapi unapunguza sauti. Mfundishe kuhesabu bamvua na maji mafu, yaani maji madogo, kwa kuutazama mwezi, si kwa simu. Kama atakuwa na hamu ya kompyuta, ajifunze kwa kuitumia kazini: atengeneze istilahi za ardhi, za hospitali na za bahari, Kiitaliano na Kiswahili cha hapa, na aisahihishe simu inapokosea. Ndani ya mwaka atakuwa na daftari ambalo hakuna chuo kilichonalo.

Utapata hasara kidogo. Mgeni mwingine atauliza kwa nini mmekuja wawili, na nahodha atalalamikia nafasi. Mlipe japo kidogo kutoka kwenye fungu lako, asifanye bure, maana asiyelipwa hatajiona yumo kazini. Na mama yenu ajue anakwenda wapi, na nani, na anarudi saa ngapi. Msichana kutembea na wageni Malindi kuna maneno yake, na heshima yake ndiyo itakayomwezesha kuaminiwa ofisini baadaye.

Anza na safari ya Mayungu, kwa sababu pale kosa halimgharimu mtu zaidi ya kulowa. Siku ya bamvua ijayo, mwache yeye azungumze na mgeni jioni iliyotangulia, ampe saa ya kuondoka kwa hesabu ya Kizungu na ampe sababu ya kuondoka saa hiyo. Wewe kaa pembeni. Usiseme kitu mpaka mashua imeshaondoka.